Mpeni mtoto bustani, msimpe jembe kama adhabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulileta kwa sauti ya kukata tamaa, wawe kliniki, kwenye mikutano ya shule au barazani kwa jirani, kwamba mtoto hali mboga za majani. Anakula wali, anakula chipsi, anakula ugali akiwekewa samaki au nyama, lakini mchicha huusogeza pembeni mwa sahani na hapo ndipo unapobaki mpaka sahani inaondolewa. Ushauri anaopewa mzazi huyu huwa wa namna mbili: amlazimishe, au amdanganye kwa kuisaga mboga na kuificha ndani ya supu. Mimi nimefanya kazi ya ugani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza katika vijiji vya Mkoa wa Morogoro na baadaye mjini, na hoja yangu ni nyingine. Mtoto anayepanda mboga nyumbani kwa mkono wake, akaitunza, akaichuma na kuiona ikiingia chunguni jioni ile ile, huionja kwa hiari yake. Lakini hayo hutokea pale tu bustani inapokuwa yake kweli, si kazi ya kutumwa, na wala si adhabu. Sharti hili la mwisho ndilo tunalolipuuza, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tumtendee haki mtoto. Kukataa chakula kigeni si utundu wala si kudeka. Tangu anapofikia umri wa miaka miwili hivi, mtoto huingia katika kipindi cha kukihofia chakula asichokizoea, na mboga za majani ndizo zinazokataliwa mapema kwa sababu nyingi zina uchungu kidogo ambao watoto huuchukia zaidi kuliko watu wazima. Watafiti wa lishe ya watoto wamekuwa wakionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba hofu hiyo huondolewa na mazoea: mtoto akipewa chakula kile kile, kidogo kidogo na bila kulazimishwa, mara nane, kumi, pengine hata kumi na tano, wengi hatimaye hukikubali. Mzazi wa kawaida hujaribu mara tatu au nne, akachoka, kisha akatangaza mbele ya wageni, mtoto mwenyewe akiwa anasikia, kwamba "huyu hali mchicha". Tangu siku hiyo mtoto anakuwa na sifa ya kuilinda, na atailinda.

Bustani husaidia kwa sababu mazoea yanaanza mbali na sahani. Mtoto aliyezishika mbegu za mchicha, akashangaa jinsi zilivyo ndogo, akaziona zikichipua siku chache baadaye, akafukuza kuku na kuyanusa majani alipoyachuma, amekutana na mboga ile mara nyingi kabla hajaambiwa aile. Hakuna aliyemshikia kijiko. Inapofika mezani haiwi ngeni tena, na jambo lenye nguvu zaidi ni kwamba ina mwenyewe, naye mwenyewe yuko pale pale mezani akitazama nani anaifurahia.

Kuna wanaodhani kwamba tatizo hili ni la watoto wa mjini waliozoea vyakula vya kukaanga, na kwamba kijijini, shamba linakoanzia mlangoni, halipo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini mwetu wamedumaa, na miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ile ile inayosifiwa kwa kulisha taifa. Udumavu una sababu nyingi, na nisingependa msomaji adhani kwamba fungu la matembele litaumaliza. Ninachotaka kusema ni kwamba chakula kuwapo shambani hakuhakikishi kwamba kitafika kwenye sahani ya mtoto, na kwamba umbali kati ya shamba na sahani unaweza kuwa mrefu hata pale ambapo hauzidi hatua ishirini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 apate gramu 350, na kuanzia miaka 10 apate gramu 400 kama mtu mzima. Mzazi akichukua mizani ya duka la jirani na kupima kile ambacho mwanawe alikula jana, atajua tulipo.

Sasa nije kwenye ushahidi, maana wapo watakaosema kwamba bustani za shule zipo tangu zamani na watoto bado hawali mboga. Wana haki ya kusema hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya katika shule za msingi jijini London, shule ambazo zilikuwa zimesaidiwa kuanzisha bustani. Walipolinganisha walichokula watoto kabla na baada, hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba bustani peke yake imeongeza mboga na matunda katika mlo wao. Dalili za mabadiliko zilionekana katika shule ambazo shughuli za bustani zilitekelezwa kwa kina, zikawa sehemu ya maisha ya shule. Nchini Nepal nako, mradi ulioongozwa na Kituo cha Mboga Duniani, ambacho ofisi yake ya kanda yetu iko Arusha, uligundua kwamba bustani za shule ziliwaongezea watoto ujuzi na hata hamu ya mboga, lakini mlo wao haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliporudi na kuiunganisha bustani ya shule na bustani ya nyumbani, wakawashirikisha wazazi, ndipo ulaji wa mboga kwa watoto ulipopanda.

Mimi nayasoma matokeo hayo kwa namna moja tu. Mtoto wa shule hana mamlaka juu ya chungu. Akijifunza shuleni kwamba mchicha una madini ya chuma, akafaulu swali hilo kwenye mtihani, kisha nyumbani akakuta kilichopikwa ni kile alichonunua mama njiani akitoka kazini, elimu yake imeishia kwenye daftari. Bustani ya nyumbani iko karibu na jiko, na mwenye jiko ni mama yake, bibi yake, au, katika nyumba nyingi za mijini, dada wa kazi. Huyu dada nimtaje kwa makusudi, kwa sababu semina za lishe humwalika mama mwenye ajira, ilhali anayeamua mtoto ale nini saa saba mchana ni binti ambaye hakuna aliyemwalika. Asiposhirikishwa tangu siku ya kupanda, bustani ya mtoto ataiona kuwa mzigo mwingine wa kumwagilia, na atakuwa sahihi.

Nakuja kwenye adhabu, na hapa naomba walimu wanisamehe, kwa kuwa wengi wao ni rafiki zangu. Katika shule zetu nyingi, mtoto anakutana na jembe kwa mara ya kwanza siku aliyochelewa namba. Aliyepiga kelele darasani anapalilia. Aliyesahau sare anamwagilia bustani ya mboga wakati wenzake wakiwa mapumzikoni. Mgeni, kwa mujibu wa methali yetu, hupewa jembe siku ya tatu. Mwanafunzi wetu hupewa asubuhi ya kwanza, na hupewa huku akichekwa. Kisha mazao ya bustani hiyo, kama yamestawi, mara nyingi huuzwa au hugawanywa bila mtoto kuambiwa yamekwenda wapi. Baada ya miaka saba ya elimu ya namna hiyo tunashangaa kwamba kijana anaona kilimo ni kazi ya aliyeshindwa na mboga ni chakula cha shida.

Nia ya asili haikuwa hiyo. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba na wanafunzi washiriki kuamua kuhusu kazi ya shamba hilo na matunda yake. Kushiriki kuamua kulikuwa sehemu ya elimu yenyewe. Tulichobakiza sisi ni jembe, uamuzi tukautupa. Sisemi haya kwa kulilia zamani, maana hata zamani hizo zilikuwa na walimu waliolitumia shamba kama kiboko. Nasema kwa sababu mzazi anayetaka kuanzisha bustani nyumbani hurithi mazoea yale yale bila kujua. Atamwambia mtoto, "Hukufanya kazi ya shule, nenda kamwagilie mboga." Kwa sentensi moja ameifanya mboga kuwa jela.

Nyumbani kuna tatizo la pili, nalo ni midomo yetu. Baba anafunua sufuria, anaguna, anauliza, "Leo tena majani?" Mama anamwomba radhi mgeni kwa kuwa amekuta mboga za majani tu na siku haikuwa ya kuku. Siku ya sikukuu mezani hakuna hata jani moja la kijani, na siku mshahara unapokwisha yanarudi. Mtoto hahitaji kufundishwa maana ya hayo yote. Anayaona, na anapoukataa mchicha pengine anakataa umaskini ambao watu wazima wameubandika juu yake. Kama baba wa nyumba hawezi kuila mboga aliyoipanda mwanawe kwa uso mkunjufu, basi afadhali fedha za mbegu zinunue kitu kingine.

Wanaopanga vyumba watauliza bustani hiyo itakaa wapi. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na jibu lake si gumu kama watu wanavyodhani. Kiroba cha kilo 50 kilichokwisha kazi kinatosha kuanzia. Kijazwe udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Katikati, wakati wa kujaza, isimamishwe nguzo ya kokoto kwa kutumia kopo lililotolewa kitako, ambalo hujazwa kokoto na kuvutwa juu taratibu kadiri udongo unavyopanda, ili maji yashuke mpaka chini na yasiishie juu tu. Ubavuni mwa kiroba hutobolewa matundu yanayopishana, na katika kila tundu hupandikizwa mche wa sukuma wiki, chainizi au spinachi. Juu husiwa mchicha. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamelima magunia ya namna hii kwa wingi tangu mwaka 2008, kwenye vichochoro ambavyo mtu mwenye ua wa kawaida wa Kihonda au Mbagala angeviona ni finyu mno. Asiye na kiroba atumie ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa au tairi, mradi chombo kina matundu ya kutolea maji na hakikuwa cha rangi, mafuta ya gari wala dawa ya wadudu.

Kwa mtoto mdogo, zao la kwanza liwe mchicha, na sababu yake ni subira. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, husiwa kwenye mistari, hufunikwa kwa udongo mwembamba sana, na ndani ya siku tatu hadi tano huchomoza. Baada ya wiki tatu au nne mboga iko tayari, na ikikatwa juu badala ya kung'olewa, huchipua tena. Mtoto wa miaka minne anaweza kungoja wiki nne. Hawezi kungoja miezi mitatu ya karoti. Pamoja na mchicha yapandwe marando ya matembele, kwa kuwa hayashindwi kirahisi na hayaombi mbegu ya dukani. Bamia na nyanya zije msimu wa pili, mtoto akishaamini kwamba udongo hurudisha kitu. Karoti ni nzuri sana kwa sababu ya furaha ya kuing'oa na kuona kilichojificha, ila inataka udongo mlaini na wenye kina, husiwa pale pale itakapokulia bila kuhamishwa, na mtu mzima asiahidi karoti ndefu kutoka kwenye kopo fupi. Mnafu na mgagani, ambazo mimi nazipenda kuliko zote, zisiwe za kuanzia. Uchungu wake ni wa kupendwa polepole.

Suala la umiliki nilieleze zaidi, kwa sababu hapa ndipo wazazi wema wanapokosea. Chombo kimoja kiwe cha mtoto, nacho kijulikane hivyo na nyumba nzima. Yeye achague kipandwe nini kati ya mboga mbili au tatu alizoonyeshwa. Yeye amwagilie, hata kama atamwaga nusu ya maji miguuni. Akisahau, akumbushwe mara moja bila kelele, na akisahau tena mche ukanyauka, uachwe unyauke. Najua walimu wa malezi wengine watanipinga hapa, wakisema mtoto atavunjika moyo. Uzoefu wangu ni kwamba kinachomvunja moyo ni kugundua kuwa bustani inayoitwa yake kumbe inaendeshwa na mama alfajiri. Siku ya kuvuna, achume yeye, aoshe yeye kwa maji safi, na kama umri unaruhusu akate kitunguu au akoroge. Mezani itajwe kwa jina lake. Asilazimishwe kumaliza. Kijiko kimoja alichokiomba mwenyewe kina thamani kuliko bakuli zima lililosimamiwa kwa fimbo.

Pia mavuno ya mtoto yasiuzwe. Nimeona mara nyingi bustani za nyumbani zilizoanzishwa kwa ajili ya lishe zikigeuka za biashara mara tu jirani wa kwanza anapokuja na shilingi 500 kuomba fungu. Biashara si dhambi, na mama mwenye vyombo kumi na auze vinane akipenda. Kile cha mtoto kiingie chunguni.

Kuhusu chunguni penyewe, mengi tunayaharibu sisi. Mchicha unachemshwa mpaka unapoteza rangi, kisha maji yake yanamwagwa pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C, halafu tunamshangaa mtoto anayekataa kilichobaki. Majani machanga yanataka dakika chache tu na sufuria iliyofunikwa. Yanataka pia mafuta kidogo, kwa sababu virutubisho ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A hufyonzwa vizuri vikiambatana na mafuta, na katika hili mapishi ya asili yalitutangulia: Pwani waliweka tui la nazi, bara wakaweka karanga za kutwanga. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga, au chungwa likiliwa baada ya chakula, mwili hupata zaidi madini ya chuma yaliyomo. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Kisamvu nacho ni kitamu na watoto wengi hukipenda, lakini majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, kwa hiyo mtoto anayefundishwa kuchuma na kuonja bustanini aelezwe mapema kwamba kisamvu hakionjwi mpaka kitwangwe na kuchemshwa vizuri. Matunda mabichi ya mnafu vivyo hivyo yasiliwe.

Kuna pingamizi ambazo siwezi kuzipita. Ya kwanza ni maji, hasa katika miji yenye mgao. Maji yaliyooshea mchele, kunde na mboga yanafaa kumwagilia, na katika nyumba inayopika kila siku hayo si haba. Yaliyofulia nguo kwa sabuni ya unga yasitumike. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko na kuchomekwa kichwa chini udongoni hudondosha maji polepole na huwafurahisha watoto kupita kiasi. Ya pili ni kuku wa majirani, ambao kwa hakika wamekomesha bustani nyingi kuliko wadudu wote. Chandarua kilichochakaa, kikifuliwa kwanza, huwazuia. Vidukari vikitokea, majani yaoshwe kwa maji na yanyunyiziwe majivu au maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Dawa za madukani zisiingie kabisa kwenye bustani ya mtoto, na mbegu zilizopakwa dawa ya rangi zishikwe na mtu mzima. Samadi mbichi nayo haifai, kwa kuwa inaweza kuleta magonjwa ya tumbo. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara kazi inapokwisha.

Wako pia wanaosema mboga sokoni ni rahisi, kwa nini kujisumbua. Kwa Morogoro, ambako karoti na kabichi hushuka kutoka Mgeta kwenye Milima ya Uluguru karibu kila siku, hoja hiyo ina uzito, na ningesema tena kwamba bustani ya mtoto haikusudiwi kuchukua nafasi ya soko. Familia ya watu sita haishibi kwa kiroba kimoja. Kazi ya kiroba ni kumfanya mtoto ale kile kitakachonunuliwa sokoni. Kwa Dar es Salaam kuna sababu ya ziada, kwa kuwa kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakikuta madini mazito, ikiwamo risasi, katika mboga zinazolimwa kandokando ya Mto Msimbazi. Mzazi anayejua udongo wa kiroba chake umetoka wapi ana utulivu fulani wa moyo, ingawa naye ajihadhari asichote udongo karibu na gereji au mahali panapovunjwa betri za magari.

Ya mwisho ni wenye nyumba. Nimesikia wapangaji wakikatazwa hata kuweka makopo mawili uani, kwa madai kwamba maji yataharibu ukuta. Ukuta unaweza kuharibika kweli kama kiroba kimeegemezwa juu yake, kwa hiyo kisimamishwe juu ya matofali, hatua moja kutoka ukutani. Baada ya hapo sioni sababu ya kukataza, na ningeomba wenyeviti wa mitaa, ambao husuluhisha magomvi ya umeme na choo kila wiki, waliweke na hili katika mazungumzo yao na wenye nyumba.

Ndugu Mhariri, ninayoyaomba kwa wahusika wengine ni machache. Halmashauri za miji zina maafisa ugani katika kata zake, na wengi wao hupangiwa kuhudumia wakulima wenye mashamba. Waagizwe pia kuingia kwenye nyua za wapangaji, hata mara moja kwa msimu, wakiwa na miche mkononi na si vipeperushi. Walimu wakuu waondoe kabisa palizi na umwagiliaji katika orodha ya adhabu, na kitalu cha shule kitumike kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza mche mmoja wa kwenda nao nyumbani, pamoja na ujumbe kwa mzazi kwamba mche ule ni wa mtoto. Wauza pembejeo wafungashe mbegu katika pakiti ndogo za bei ambayo mtoto anaweza kuimudu kutoka katika fedha zake za matumizi, kwani pakiti kubwa ya sasa hubaki kabatini mpaka inapoteza uhai.

Kwa gazeti lako nina ombi moja. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokusanyika kuzunguka redio wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kupanda bustani. Kilichofanya yale yawezekane ni kwamba maelekezo yalikuja kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Ninaomba utenge kona ndogo katika toleo la mwisho wa wiki, yenye mambo matatu tu: zao moja la kusia wiki hiyo kulingana na mvua za kila kanda, namna moja ya kulipika, na swali moja lililotoka kwa mtoto. Mvua za vuli huanza Oktoba kwa sisi wa mashariki ya nchi. Kona hiyo ikianza Septemba, wazazi watakuwa na muda wa kutosha kutafuta viroba na samadi iliyokwisha kuoza.

Wako mtiifu,
Afisa ugani mstaafu,
Morogoro.